Uso Chini ya Nembo

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Basi njooni muone vituko vya dunia. Msasa alisikia la mkuu, akalitii neno kwa neno, na guu lililovunjika ni la huyo huyo mkuu.

Lilikuwa limelala kwenye sakafu ya studio, limepinda mahali ambapo mguu wa binadamu haupindi. Mwenyewe, kaka yake Msasa, mpigapicha anayejulikana mtaa mzima, alikuwa ameegemezwa kwenye meza ya kukatia picha. Nyundo, yule pande la mtu aliyemvunja kwa stendi ya kamera, alikuwa amemkaba shingo kwa nyuma. Mkono wa kulia wa kaka ulikuwa chini ya wembe mrefu wa kikatio, kile chenye mpini wa kushusha, ambacho kutwa kucha hukata picha za pasipoti. Na aliyeushika mpini alikuwa Bwana Kokoto, mwenye machimbo ya mawe na nusu ya malori ya mji.

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, niliwaacha mpini ukiwa juu. Leo unashuka.

"Nauliza kwa mara ya mwisho," akasema Bwana Kokoto. "Aliyemuua mwanangu ni nani? Na ni nani aliyewatuma mumfiche uso?"

Mlango wa bati wa studio ulikuwa umeteremshwa. Nje jua la mchana lilikuwa likiwaka na watu wakipita na shughuli zao. Ndani walikuwa watano tu: Bwana Kokoto, Nyundo, kaka mtu, Msasa aliyekalishwa mbele ya kompyuta, na wifi yake Msasa, mpambaji wa maharusi, ambaye chumba chake cha urembo kiko ukuta kwa ukuta na studio. Alikuwa amekokotwa kutoka huko na kutupwa kwenye benchi la wateja, tumbo lake la miezi mingi likiwa limetangulia mbele, macho makavu kama jiwe la kunolea.

Msasa alijibu kwamba hawakutumwa na mtu. Alieleza tena, kwa mara ya tatu sasa, na kila alipoeleza ilizidi kusikika kama uongo.

Siku ya harusi, kamera ya pili ya studio ilifungwa kwenye stendi juu ya roshani ya ukumbi, ikajipiga yenyewe, picha baada ya picha, ili inase magari ya maharusi yakiingia kwa geti la nyuma. Magari yakaingilia mbele. Kamera haikuambiwa. Ikaendelea kupiga ua mtupu, hadi ua haukuwa mtupu tena. Mtoto wa Bwana Kokoto alikuwa chali kwenye ngazi za nyuma, na mtu amemwekea goti kifuani, akikigonga kichwa chake kwenye ukingo wa ngazi.

Mtu yupi? Hapo ndipo palipokuwa na kitendawili. Suruali nyeusi ilionekana. Viatu vyeusi vilionekana. Lakini ukumbi ule uliwataka wafanyakazi wote wavae nyeusi, wahudumu, wapambaji na wapigapicha pia. Kuanzia kiunoni kwenda juu hapakuwa na mtu. Palikuwa na nembo ya studio, nyeupe, pana kama sinia, picha baada ya picha baada ya picha.

"Nembo imepata macho?" akauliza Bwana Kokoto. "Kona zote nne zipo, nayo imechagua kukaa usoni mwa muuaji tu?"

Haikuchagua kitu, na hilo ndilo lililokuwa gumu kumweleza mtu anayesikia kwa ngumi. Studio ya jirani ilikuwa na tabia ya kuiba picha zao, inakata ukingo wenye nembo na kuzitangaza kama zake. Kaka akachoka. Akamwambia dada yake: nembo iwe kubwa, isogezwe ndani, ipigwe kwenye picha zote, usiache hata moja. Msasa akafanya kama kazi inavyofanywa. Alifungua folda, akachagua zote, akabonyeza mara moja, akaenda zake kunywa maji. Programu haitazami sura za watu. Inapima kutoka pembeni, inagonga, inapita kwenye nyingine. Na kwa kuwa kamera haikusogea, na muuaji hakusogea, nembo ikamkalia usoni tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisha Msasa akazituma zote kwa ndugu za bibi harusi bila kuzitazama. Nani ana macho ya kutazama maelfu ya picha? Ndugu mmoja wa bibi harusi alikuwa nayo. Jioni ile ile mji mzima ulikuwa unaziona simuni.

"Basi nipe zile za kwanza," akasema Bwana Kokoto. "Zisizo na nembo."

"Hazipo, mzee. Nilihifadhi juu ya zile zile. Na kadi ya kamera ilisafishwa asubuhi yake kwa kazi nyingine."

Bwana Kokoto akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu anayependa watoto.

"Tazama kamera, kaka," Nyundo akamnong'oneza mpigapicha sikioni. "Tabasamu."

Mpini ukashuka.

Mlio ulikuwa mdogo, kama karoti inayovunjwa jikoni. Kidole kidogo cha kaka kilianguka upande wa pili wa wembe, kwenye trei ambayo picha huangukia. Kwa nukta moja hakuna aliyejua kilichotokea, hata mwenye kidole. Halafu damu ikaruka juu ya karatasi nyeupe, na kaka akalia sauti ambayo Msasa hajaisikia tangu walipokuwa watoto.

Wifi hakulia. Aliziba mdomo kwa viganja viwili na kutazama sakafu.

"Vimebaki tisa," akasema Bwana Kokoto, akiinua mpini tena. "Mpigapicha anahitaji vingapi?"

"Naweza kuitoa," akasema Msasa.

Sauti yake ilitoka kavu, ikamshangaza mwenyewe. Kama jina lake lilivyo, ulimi wake ulikuwa unakwaruza hata akiogopa.

"Umesema haiwezekani."

"Nimesema picha za kwanza hazipo. Sikusema nembo haitoki. Nembo ile si ukuta, mzee, ni pazia. Niliiweka kwa nusu ya nguvu, ili picha ionekane kwa nyuma. Nembo yenyewe ninayo hapa, na kiasi nilichokiongeza nakijua. Kilichoongezwa kinapunguzika. Ondoa mkono wa kaka yangu kwenye hicho kisu, nami nitakupa uso."

Bwana Kokoto hakuuondoa mkono. Lakini mpini alitulia nao juu.

"Punguza," akasema.

Sasa msomaji wangu, najua unamtazama nani. Unamtazama Nyundo. Hata Msasa alimtazama. Pande la mtu lilikuwa linatoka jasho hadi kwenye ndevu, na tangu waingie lilishasema mara mbili kwamba heri wachome nyumba waondoke, maana maneno mengi ni ya nini. Kwa nini mtu atake kuchoma picha ambazo bosi wake anazitafuta? Msasa alijiambia: ni yeye. Uso ukitokea ni wake, na Bwana Kokoto akigeuka tu, hawa wawili watararuana wao kwa wao nasi tutapona.

Akafanya kazi kwa tumaini hilo. Alichukua picha moja, ile iliyotulia kuliko zote. Akaiweka nembo juu ya nembo, mstari kwa mstari, akaisogeza kwa unywele hadi zikalingana. Akaanza kuondoa weupe. Skrini ilikuwa imemwelekea yeye peke yake, na Bwana Kokoto alikuwa ng'ambo ya meza, mkono kwenye mpini, akimtazama usoni.

Kwanza likatokea bega. Mkono wa blauzi nyeusi ulikuwa umechanwa hadi kwapani.

Blauzi. Si shati.

Kisha shingo, yenye michubuko mitano, kama alama za vidole. Kisha kidevu. Kisha mdomo, na kati ya meno, vimeng'atwa kama mbwa ang'atavyo mfupa, vibanio viwili vya nywele.

Katika mji wote ule kuna mtu mmoja ambaye hushika vibanio vya nywele mdomoni akiwa kazini, akiongea na maharusi kwa pua tu, na ambaye Msasa amemwambia mara ngapi sijui kwamba siku moja atavimeza. Mtu huyo alirudi nyumbani baada ya harusi na mdomo uliochanika, akasema amejing'ata. Akasema blauzi imenaswa na msumari. Akaacha kula, na wao wakasema ni mimba, mimba nyingine zina vituko.

Mtu huyo alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja.

Msasa hakugeuka. Alifungua picha iliyotangulia, ambayo hakuna aliyeijali mjini kwa sababu haikuwa na damu, akaitoa nembo harakaharaka. Mtoto wa Bwana Kokoto alikuwa amembana wifi ukutani kando ya ngazi. Mkono mmoja ulikuwa kooni mwake. Mkono wa pili haukuwa kooni.

Basi ndivyo ilivyokuwa.

"Umesimama kwa nini?" akauliza Bwana Kokoto.

"Inakuja, mzee. Mashine ni ya zamani."

Aliwaza kwa kasi ambayo hajawahi kuwaza nayo. Picha zilizomo simuni mwa watu zimeminywa hadi zimepoteza ubora, hazitoi uso hata zikikamuliwa. Zenye uso ni hizi, hapa, ndani ya boksi hili linalopumua chini ya meza. Akifuta, watazifufua. Vitu vilivyofutwa hufufuliwa kila siku, hata yeye huwafufulia wateja. Lakini kilichohifadhiwa juu yake hakifufuki. Hilo alikuwa amelijua kwa uchungu wiki hii.

Alisukuma kile kidude cha nguvu ya nembo, kutoka nusu, hadi mwisho kabisa. Pazia likawa ukuta. Akafungua folda. Akachagua zote. Kompyuta ikamuuliza kwa adabu kama ana hakika anataka kuhifadhi juu ya zile za zamani.

Ndiyo.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Msasa akabaki ameshika kipanya, akikunja uso kama mtu anayetafuta kitu kidogo. Angefaulu, nadhani angefaulu, kama si feni. Kompyuta nzee ikibebeshwa mzigo hunguruma, na hii ilianza kunguruma kama inapanda mlima.

"Mbona mashine inalia?"

"Inafanya kazi."

"Nyundo, katazame."

Nyundo akamwachia kaka, akazunguka meza. Akainama, uso wake mpana ukawa kando ya shavu la Msasa, pumzi yake ikinuka sigara. Aliona picha zikipita moja baada ya nyingine, na katika kila moja bonge jeupe likidondoka tap, tap, tap pale penye uso.

"Bosi," akasema, "huyu anazika."

Msasa alikuwa ameshavuta taa ya studio kwa mguu. Aliigeuza, akaiweka pua kwa pua na Nyundo, akabonyeza. Mwanga ule, ambao ukiwa mbali tu wateja hulalamika, ulimpiga machoni kwa umbali wa shubiri. Nyundo akapiga ukelele akirudi nyuma, na Msasa akaishika ile stendi ya kamera iliyomvunja kaka yake, akaizungusha kwa mikono miwili, akampata pembeni mwa kichwa. Jitu likaangukia pazia la picha, lile lililochorwa mawingu, likalibomoa na kulala ndani yake limejifunika mbingu.

Mstari wa kijani ulikuwa haujafika nusu.

Bwana Kokoto hakuwa mtu wa kukimbia. Alitembea hadi ukutani akashusha swichi kuu ya umeme. Taa zikazimika, lakini betri ya akiba chini ya meza ikapiga mlio wake wa kunung'unika, pii, pii, na skrini ikabaki inawaka gizani. Mwanga wake ulimwonyesha Bwana Kokoto akichomoa kisu.

Msasa alisimama kati yake na kompyuta. Kisu cha kwanza kilimpitia mkononi, juu ya kiwiko, moto mtupu. Cha pili alikidaka kwa stendi. Bwana Kokoto akaing'oa stendi mikononi mwake kama unavyomnyang'anya mtoto kijiko, akampiga nayo mdomoni, na Msasa akatema jino. Alijitupa juu ya meza akaikumbatia ile skrini. Kisu kikashuka, kikapita katikati ya kiganja chake cha kushoto, kikazama kwenye ubao wa meza, kikakwama.

Hapo kaka mtu, mwenye mguu mmoja mzima na vidole tisa, alijiburuta sakafuni akaupata mguu wa Bwana Kokoto na kuung'ata juu ya soksi. Aling'ata kama anayekula kiapo. Bwana Kokoto alimtazama kwa mshangao, akainua kiatu cha pili, akalikanyaga guu lililovunjika, akasokota. Kaka akazimia bila kuachia meno.

Kompyuta ikatoa sauti ndogo ya furaha, ile ya kumjulisha fundi kwamba kazi imekamilika.

Bwana Kokoto alijinasua. Akachechemea hadi kwenye skrini, akafungua picha. Nyeupe. Akafungua nyingine. Nyeupe. Alifungua nyingi, akizidi kusogeza uso karibu, kana kwamba mwanawe angeweza kuchungulia kutoka nyuma ya maandishi. Betri ilikuwa inanung'unika. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na kwa muda mfupi alikuwa baba tu, aliyezika.

Alipogeuka, baba hakuwapo tena.

"Nilikuwa mjinga," akasema polepole. "Nilidhani mnamficha mtu. Kaka yako anakatwa kidole, wewe unasema utatoa uso. Unautoa, unauona, halafu unauzika huku kisu kikiwa mwilini mwako. Nani angefanya hivyo? Kwa ajili ya mpita njia? Kwa ajili ya mtu aliyekulipa?" Akamshika Msasa nywele, akamwinua kichwa. "Ulikuwepo ukumbini. Na wewe ulivaa nyeusi."

Msasa alimwelewa kabla hajamaliza. Mlango ulikuwa umefunguka mbele yake, mlango mbaya, unaoelekea shimoni, lakini ulikuwa mlango, na ulikuwa wa mtu mmoja tu kupita.

Kwenye benchi, wifi alikuwa ameinuka. Mkono mmoja ulishika tumbo, mwingine ukuta. Midomo yake ilipofunguka, sauti ilikuwa tulivu kuliko zote zilizosikika chumbani mle.

"Mzee, mwachie. Si yeye. Aliyefanya ni—"

"Wifi, kaa chini," Msasa akamkatiza. "Una mtoto tumboni. Usiniingilie mambo yangu."

Wakatazamana. Wifi alisoma kila kitu machoni pake, bega lililochanwa, michubuko, vibanio, yote. Akakaa.

Msasa akamgeukia mwenye machimbo. Kiganja chake kilikuwa bado kimepigiliwa mezani, damu ikitiririka ukingoni na kudondokea kipanya.

"Ni uso wangu," akasema. "Ulidhani nitajianika mwenyewe mbele yako? Mwanao alinishika shingo kando ya ngazi. Mkono wake wa pili ulikokuwa, wewe ni mtu mzima, sina haja ya kukueleza. Nikamwangusha. Nikamkalia kifuani. Mengine uliyaona kwenye simu."

"Mwanamke," akasema Bwana Kokoto, kama anayeonja neno asilolijua. "Mwanangu ameuliwa na mwanamke."

"Ndiyo. Tena ana kwa ana."

Nyundo alikuwa ameanza kujizoazoa kutoka kwenye mawingu, jicho moja limefumba, panga kalichomoa kiunoni. Bwana Kokoto akamnyooshea kiganja asubiri. Akakishika kisu kilichokwama, akakichomoa mezani taratibu, akikitingisha njiani ili Msasa akisikie chote. Akakifuta kwa shati la kaka mtu. Akakiweka chini ya sikio la Msasa, mahali ambapo mshipa hupiga.

"Piga magoti," akasema. "Niombe radhi kwa damu ya mwanangu. Ukiiomba vizuri, nitakumaliza haraka. Usipoiomba, nakupeleka machimboni, na huko tuna nyundo za kila saizi. Utaiomba tu, binti. Wote huiomba."

Msasa alitema damu kando ya kiatu chake. Alisimama wima, na shingo hakuitoa kwenye kisu.

"Haraka au polepole, hilo ni shauri lako, mzee," akasema. "Radhi siombi."